Mfaransa na Pembe Iliyopinda

Aprili 11

Tumehamia shamba. Mpunga umetoa masuke na ndege wameshapata habari, kwa hiyo nyumba ya kijijini tumeifunga kwa kamba na sufuria zote ziko huku. Kila mwaka wakati huu Mofu inabaki na mbwa na wagonjwa, wengine wote tunalala mashambani mpaka mavuno. Mama mkwe kachukua kibanda cha chini. Mimi na Gildi kutwa tuko juu ya dungu la kufukuzia ndege, na kamba za makopo mkononi.

Dungu la mwaka huu Fredy kalijenga vizuri kabla hajaondoka kwenda kwenye palizi ya miwa. Kwa ajili ya mtoto kaziba upande wote wa mtoni kwa matete, upepo usimpige kifuani. Nikamwambia, baba Gildi, ukiziba huko nitaonaje? Kasema, "Si utasimama." Haya.

Nimekuja na kitabu. Nilipompeleka Gildi chanjo Ifakara nilipitia Katindiuka kwa Mwalimu Telesphory, aliyenifundisha darasa la saba, siku hizi kastaafu na kuku wake. Nilimwomba kitabu cha mapenzi, kinene, cha kunifikisha mavuno. Kanipa hiki, chembamba kama mkate wa kumimina ulioshindwa kuumuka. Kimeandikwa na Mfaransa, wakakigeuza Kiswahili. Nikamwambia, Mwalimu, hiki si nitakimaliza keshokutwa? Kacheka mpaka kakohoa. Kasema kama kweli nataka kurudi shule kwa njia ya watu wazima, nisome vitabu vinavyonipiga mieleka, na kila nikisoma niandike. Basi naandika. Ila daftari hili simwonyeshi.

Niliishia kidato cha pili. Nataka kurudi. Sijui lini, ila nataka.

Aprili 12

Ndege. Makopo. Kurasa chache. Gildi anaota jino, anatafuna kamba.

Aprili 14

Kitabu chenyewe kiko hivi. Mtu mzima, hana jina, anashuka kwenye treni mji mdogo kando ya ziwa. Anasema alipokuwa mtoto aliwahi kukaa hapo majira ya joto, kwenye nyumba ya shangazi yake. Anaitafuta hiyo nyumba. Anauliza watu, hakuna anayeijua. Anachokumbuka vizuri ni kitu kimoja tu, farasi mweupe anayechechemea, kasimama gatini. Kisha analala hotelini, anaota anatembea mjini, anaamka, anatembea mjini. Mimi sijaona ndoto ilipoishia. Nimerudi nyuma kusoma tena, bado sijaona. Nimerudi tena. Wakati naitafuta ndoto, kwelea kwelea wametua pembeni na wamekula kwa raha zao. Mama mkwe kapiga kelele kutoka chini, "We mama Gildi! Umelala?"

Nimesema hapana mama, nasoma. Naona ingekuwa bora ningesema nimelala.

Aprili 17

Mvua imetufungia kibandani. Mama mkwe kasema, haya, nisomee na mimi nisikie kinachokula mpunga wangu.

Nikasoma. Kasikiliza huku anachambua mboga. Kafika mahali kanikatiza.

"Huyu mtu hana mama?"

"Hakijasema."

"Hana ndugu?"

"Ana dada."

"Si amuulize dada yake, nyumba iko wapi! Anazungukazunguka nini mjini kwa watu?"

"Labda hawaelewani, mama."

"Na huyo farasi wa nani?"

"Sijui."

"Mguu ulimfanya nini?"

"Hakijasema, mama."

Kanitazama kama nimemuuzia samaki aliyeoza. "Sasa kinasema nini hicho kitabu?"

Tangu hapo kila akinipita anauliza, "Mfaransa wako kafika?" Namjibu, bado mama, yuko njiani.

Aprili 20

Jua zuri baada ya siku nyingi. Minza kapita na maziwa. Yeye ni mke wa Mabula, Wasukuma wenye zizi ng'ambo ya mfereji, na tangu Gildi aanze kula uji ananiletea kopo la maziwa, mimi nampa mboga na pumba. Leo alikuwa anamvuta ng'ombe kwa kamba, anampeleka kuchomwa sindano. Ni yule jike mpole ambaye pembe yake ya kushoto imepinda kuja chini mpaka karibu iguse jicho. Gildi kanyoosha mkono, ng'ombe kaulamba wote mpaka kwenye kiwiko. Mtoto kacheka cheko ambalo sijawahi kulisikia kwake. Nzi tele usoni kwa ng'ombe, na ile pembe inang'aa kwa jua kama imepakwa mafuta.

Minza anawajua wote kwa majina, kila mmoja na rangi yake. Nimemwambia mimi ng'ombe naona ng'ombe tu. Kacheka, "Na mimi mipunga yenu naona majani tu, mama Gildi."

Aprili 23

Mvua. Mfaransa kakaa kwenye benchi.

Aprili 26

Leo nimekasirika kweli. Mfaransa alipata mama mmoja mzee anayeuza tiketi za boti, nikasema moyoni sasa tutajua. Yule mama akamwambia labda ile nyumba ilikuwepo, labda ni mji mwingine wa upande wa pili wa ziwa. Mfaransa naye kasema labda. Kila mtu humo ndani labda! Mtu unashinda juani na mtoto mgongoni, unafukuza ndege sauti inakauka, unapata nafasi kidogo ya kusoma, unakutana na labda. Ningekuwa karibu naye ningempiga kombeo.

Gildi kasimama bila kushika kitu. Kidogo tu, kisha kakaa, kanitazama kama mimi ndiye niliyemwangusha.

Aprili 30

Naandika na matope bado miguuni.

Alfajiri ukungu ulijaa bondeni, mzito, mpaka vichwa vya mpunga havionekani. Nimekaa nimeegemea matete, namnyonyesha Gildi. Mama mkwe alikuwa ameenda mtoni kuteka maji. Nikasikia kama watu wanatembea kwenye matope, wengi. Kisha mlio wa kung'oa, krr, krr. Nikajua hao si watu. Nikasimama na mtoto kifuani, nikavuta kamba zote, makopo yakalia, nikapiga yowe. Wakaanza kukimbia. Ng'ombe, kundi zima, mle mle katika kipande cha mtoni, ule mpunga tunaotegemea kula mwaka mzima. Mchungaji sikumwona, nilisikia mluzi tu.

Mama mkwe kaja anakimbia, ndoo kaitupa njiani. "Wa nani? Wa nani?" Kisha kasema, "Umemwona yule mwenye pembe iliyopinda? Yule wa Mabula?"

Nikasema ndiyo. Nimemwona.

Ukungu ulipoondoka tukaenda kuangalia. Nusu ya kipande imelala. Palipoliwa, palipokanyagwa, kinyesi juu yake. Mama mkwe kachutama akawa anainyanyua miche mmoja mmoja kwa mkono, inasimama, inaanguka, ananyanyua tena. Nikamwambia mama, acha. Hakuacha. Nilimwonea huruma mpaka nikataka kumbeba yeye mgongoni badala ya mtoto.

Mei 2

Tumefika kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Octavian. Naye yuko shambani kwake, katusikilizia chini ya turubai. Nikaeleza. Kauliza, una hakika? Nikasema nina hakika mwenyekiti, pembe ya kushoto, imepinda kuja kwenye jicho. Katikisa kichwa. Mabula mwaka jana ng'ombe wake waliingia shamba la Donati, alikiri akalipa, na kijiji kikamwandikia onyo. Likithibitika kosa la pili analipa kwa magunia, na yeye na mifugo yake wanahama Mofu. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya Juni, watu wakiwa wamerudi kutoka mashambani.

Tukarudi. Mama mkwe kaniambia njiani, "Mungu kakupa macho." Hajawahi kunisifu hivyo.

Mei 3

Minza hakuja. Gildi kaligeuza kopo tupu kichwa chini, kalia.

Mei 5

Nimepanda kichuguu chenye mtandao nikampigia Fredy. Kafurahi. "Hongera mke wangu. Magunia yakilipwa tumevuka mwaka." Nikamwambia na Minza je? Kasema, "Minza atakula kwa Mabula, wewe utakula kwa nani?" Salio likaisha.

Mei 9

Nimekuwa mtu maarufu. Rosemery wa shamba la pili kaja na wenzake wawili, wakitaka niwasimulie. Nikasimulia. Nilipofika kwenye pembe nikasema yule ng'ombe aligeuka, akanitazama, na mpunga unaning'inia mdomoni. Wakapiga makofi. "Hee! Na haya hana!"

Walipoondoka nikajiuliza, hivi aligeuka? Nadhani aligeuka. Namwona kabisa.

Mei 13

Natamani nisingeomba kitabu.

Mfaransa kafika gatini. Hatimaye. Kasimama pale pale anapomkumbuka farasi, anamwona, mweupe, mguu kaunyanyua, na theluji mgongoni. Kisha anajisemea mwenyewe: theluji? Mimi nilikuja majira ya joto. Ile theluji ni barafu inayoanguka kama unga, kwao huwa wakati wa baridi tu. Basi anampigia simu dada yake, jambo ambalo mama mkwe alimshauri toka mwezi jana. Dada anamwambia, wewe hukuwahi kwenda. Niliyekwenda ni mimi, wakati wa baridi. Wewe ulikuwa kitandani unaumwa, nikirudi nakuhadithia, farasi hivi, gati vile, ukilala nasema tena kesho yake.

Nikafunga kitabu. Nikawa namtazama Gildi anavyolala, mkono wake umefunguka. Ule ule uliolambwa.

Na ng'ombe wangu akanijia kichwani, ananitazama. Nzi usoni. Pembe inang'aa kwa jua.

Jua gani? Siku ile ilikuwa ukungu.

Mei 14

Leo ukungu umeshuka tena, si mzito kama siku ile. Nimekaa pale pale, nimeegemea matete, mtoto kifuani. Kipande cha mtoni kiko nyuma ya ukuta wa Fredy. Ukikaa huoni kitu. Donati kapita huko na kapu kichwani, nimemsikia anakohoa, sijamwona. Nikasimama. Nilipomwona alikuwa ameshanipa mgongo, yuko nusu juu ya ukungu, kapu linaelea.

Siku ile nilisimama niliposikia, nikavuta kamba, wakakimbia. Walikimbilia mtoni. Ng'ombe anayekukimbia anakuonyesha mkia.

Nimefumba macho nikajilazimisha. Migongo ipo. Mikia ipo. Mluzi. Pembe nikiitafuta kwenye ukungu haipo, inakuja na jua lake na cheko la mtoto.

Mei 16

Nimekasirika na kila kitu. Na Mwalimu kwa kunipa kitabu hiki. Na Fredy kwa ukuta wake. Na Mfaransa, yeye kapoteza nini? Farasi wa watu. Mimi mpunga ni wangu, umeliwa kweli, nimeushika kwa mkono. Ng'ombe walikuwepo. Na huenda ni wa Mabula kweli, zizi lake ndilo la karibu. Kwa nini nisiseme tu pembe, wakalipa, tukala?

Kisha nafikiri kama si wao. Kuna wanaopitisha mifugo kwenda upande wa Kisawasawa, hata majina yao hatuyajui.

Bora ningepewa kitabu cha mapenzi.

Mei 17

Ndege.

Mei 19

Nimejaribu. Tulikuwa tunakula, nikaanza, "Mama, hivi ile siku ya ng'ombe…"

"Eeh?"

"Kulikuwa na ukungu sana."

"Ulikuwepo. Kwa hiyo?"

"Nafikiri huenda ile pembe sikuiona. Huenda niliiona siku nyingine, nikaichanganya."

Kaweka tonge chini. "Nani kaja hapa? Minza kaja?"

"Hajaja mtu, mama. Ni hiki kitabu, kuna mahali…"

"Usianze." Kanyanyuka na sahani yake. "Usiniletee Ufaransa kwenye mpunga wangu. Ukiwa kwa mwenyekiti ulikuwa na macho, leo umekuwa na kitabu. Mwezi wa pili tukikosa unga wa mtoto utampikia hizo kurasa?"

Kasema kweli.

Mei 21

Hatusemeshani, ila kaninyooshea kanga yake nimfunike mtoto mvua ilipokuja. Kisha akaendelea kutonisemesha.

Mei 24

Tumeanza kuvuna. Mgongo umekatika.

Jioni mtoni nimekutana na Minza. Yuko peke yake, anaosha vibuyu vya maziwa. Nikamsalimia, kaitika bila kunitazama. Gildi kamtambua, karuka mgongoni kwangu kama kuku anayetaka kuruka uzio.

Nikamwambia, "Minza, nikuulize. Ile asubuhi, walikuwa ng'ombe wenu?"

Kaendelea kuosha. "Wewe si ndiye uliyewaona?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nilikuwa nakamua. Kundi la wazazi, wale wa kukamuliwa, lilikuwa zizini, yule wa pembe naye alikuwepo, nadhani. Lile lingine lilishatoka na vijana." Kachukua kibuyu kingine. "Vijana wamesema hawakufika kwenu. Nimewauliza mpaka nikawatandika. Wamesema hawakufika."

"Unawaamini?"

"Ni wanangu, mama Gildi. Nifanye nini zaidi ya kuwaamini? Kuapa siwezi. Sikuwepo."

Nilitaka aape. Jamani, nilitaka sana aape, upande wowote, nirudi nyumbani nikiwa najua. Kavibeba vibuyu vyake kaondoka. Alipopita kamgusa Gildi unyayo kwa kidole kimoja.

Mei 28

Fredy kwenye simu, "Mama kaniambia. Sikitu mke wangu, usinifanyie hivyo. Mimi huku nakula ugali na chumvi ili ule mpunga uwe wetu."

Nikamwambia, na mimi naumia, unafikiri siumii?

Kasema, "Basi sema ulichosema. Si kimeshasemwa?"

Mei 31

Nimemaliza kitabu. Mfaransa kakaa kituo cha treni, koti magotini, anaangalia reli. Anasema anamkumbuka farasi vilevile, kujua kwamba hakumwona hakujamwondoa. Basi. Hapo hapo. Hakuna treni, hakuna dada, hakuna nyumba.

Nikajua Mwalimu kanipa kitabu kilichochanwa. Nikakikagua, nikakifungua mshono kwa kucha, nikahesabu namba za kurasa kutoka mwisho kurudi nyuma. Hakuna kilichochanwa. Kimeisha. Mtu mzima kakaa chini kaamua kiishie hapo na watu wakakichapa.

Nimekitupa chini kutoka juu ya dungu. Kisha nikashuka kukiokota, cha watu.

Juni 5

Tumerudi kijijini. Mpunga wote umeingia kihengeni, na haujafika kifuani. Mwaka jana ilibidi Fredy apande ngazi kumimina. Kikao kesho.

Mama mkwe kafua gauni langu la kitenge kapiga na pasi. Kaliweka kitandani. Bora angenigombeza.

Juni 6

Ofisi ya kijiji ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mabula kasimama ukutani na fimbo yake, Minza kaketi chini na wanawake, peke yake kidogo. Mama mkwe kiti cha mbele.

Mwenyekiti kasoma shauri. Kaniita. Nikasimama na Gildi mgongoni, nikawaamkia wazee shikamooni, wakaitika.

"Mama Gildi, ueleze mkutano ulichokiona."

Nikaeleza ukungu, sauti, makopo. Nikasema, nilisimama, nikaona ng'ombe wengi wanakimbilia mtoni. Niliona migongo na mikia.

"Endelea. Na yule wa pembe?"

"Hapo ndipo nilipoishia, mwenyekiti. Pembe sikuiona."

Ikawa kama nimepiga mzinga wa nyuki.

"Mwezi uliopita ng'ombe alikuwa na pembe!" Huyo alikuwa Donati. "Leo imeanguka?"

"Tena alimtazama!" Rosemery kasimama kabisa. "Alituambia sisi kwa mdomo wake, aligeuka akamtazama!"

"Kahongwa maziwa huyo!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti kapiga meza. "Mama Gildi. Ulikuja kwangu, nikakuuliza una hakika, ukasema unayo. Leo unabadilisha ulichokiona?"

"Sibadilishi nilichokiona, mwenyekiti. Nabadilisha nilichosema."

"Ni vitu viwili hivyo?"

"Kwangu vilikuwa kimoja. Nilikuwa nasema kweli kabisa, nilikuwa namwona. Ila ninayemwona kasimama juani na nzi, na siku ile hapakuwa na jua. Ni wa siku nyingine, aliponilambia mtoto. Naomba mnisamehe. Walioingia ni ng'ombe, hasara ipo, mmeiona. Wa nani, sijui."

Sikumtazama mama mkwe. Nilitazama miguu yake. Kavaa viatu vya kanisani.

Wazee wakatoka nje, wakarudi. Mwenyekiti kasema kijiji hakiwezi kumhamisha mtu kwa ushahidi wa mikia. Shauri limefungwa, onyo la mwaka jana linabaki pale pale.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Mlangoni Mabula kanisubiri. Nikasema shikamoo. Kaitika, kisha kasema, polepole tu, "Mwezi mzima umeniita mwizi mbele ya watu. Leo unasema hujui. Hujui maana yake bado naweza kuwa mimi."

"Ndiyo, baba," nikasema, maana ndivyo ilivyo.

"Basi hujanipa kitu," kasema. Kaondoka. Minza nyuma yake.

Juni 7

Mama mkwe hajala. Mimi nimekula, nina mtoto wa kunyonyesha. Nimeona aibu ya kula.

Juni 8

Fredy hapokei simu.

Juni 9

Kapokea. Nasikia upepo wa huko kwenye miwa. Kisha kauliza kama Gildi ameanza kutembea. Nikasema anasimama tu. Kasema, "Nikifunga mkataba wa kukata nitatuma." Nikasema asante. Kakata.

Juni 11

Leo mchana mama mkwe alikuwa anapepeta uani, mimi naanika nguo. Akaita, bila kugeuka.

"Mama Gildi. Mimi nilikuambia nini ile asubuhi?"

Nikashika nguo mkononi. "Asubuhi ya ng'ombe?"

"Hiyo hiyo."

"Ulisema, umemwona yule mwenye pembe iliyopinda."

"Nilisema, au niliuliza?"

Nikafikiri. Nilitaka nisikosee tena. "Uliuliza, mama."

Kapepeta. Pumba zikaruka, kuku wakaja, kawafukuza kwa mguu. Kapepeta tena.

"Mimi nilikuwa natoka mtoni na ndoo," akasema. "Sikuona hata huo mkia wako. Nilimtaja yule kwa kuwa ndiye ng'ombe pekee ninayemjua. Wengine wote kwangu ni ng'ombe tu."

"Kwangu pia, mama."

"Uliposema ndiyo, nikasema basi, mwanangu kaona. Toka hapo na mimi nikawa namwona. Usiku nikilala, namwona anatafuna." Kaweka ungo magotini. "Mpaka leo namwona."

Nikakaa kwenye kinu, karibu naye. Kihenge kilikuwa nyuma yetu na sote tulijua kilipofikia. Gildi kaja anatambaa, kashika gauni la bibi yake, kajivuta juu, kasimama.

Baadaye kauliza, "Na Mfaransa wako, nyumba aliiona?"

"Hakuiona, mama."

"Akafanyaje?"

"Kakaa kituoni anasubiri treni."

"Ikaja?"

"Kitabu kimeisha haijaja."

Kasonya kwa nguvu mpaka kuku wakashtuka. "Watu wengine bwana," akasema. Kisha akanisogezea ungo. "Haya pepeta wewe, nimechoka. Mtoto nipe mimi."